Kukunjamana kwa Gamba la Dunia na Kuinuka kwa Uwanda wa Tibet: Historia ya Hoja, 1855–2019

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wanasayansi walivyoeleza, tangu mwaka 1855 hadi 2019, sababu ya Uwanda wa Tibet kuwa wa juu na tambarare kwa wakati mmoja. Yanafuatilia hatua nne: ugunduzi wa mizizi ya milima kwa njia ya vipimo vya uvutano; wazo la Émile Argand kuhusu kugongana kwa mabara; mjadala kati ya waliouona uwanda huo kama vipande vigumu vinavyosukumana na waliouona kama mwili laini unaotambaa; na uchunguzi wa visukuku kuhusu umri wa kimo chake. Hoja kuu ni kwamba uwanda wa juu hautokani na ugumu wa gamba la dunia, bali na udhaifu wake. Aidha, makala yanaonyesha kuwa suala hili linagusa uhai wa watu, kama lilivyodhihirika katika tetemeko la ardhi la Sichuan la mwaka 2008.

1.0 Utangulizi

Uwanda wa Tibet ni mkubwa na wa juu kuliko nyanda zote duniani. Unaenea katika eneo la takriban kilomita za mraba milioni 2.5, na sehemu yake ya kati ina kimo cha wastani cha karibu mita 5,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote barani Afrika, kina mita 5,895. Hivyo, eneo pana kuliko nchi nyingi limenyanyuliwa hadi kimo ambacho barani Afrika hufikiwa na vilele vichache tu.

Fumbo la uwanda huu halimo katika kimo pekee. Mkeka ukisukumwa upande mmoja hukunjamana na kutoa matuta, hautoi jukwaa. Milima ya Himalaya, iliyo kusini mwa Tibet, inafanana na matuta hayo, na si vigumu kuielewa kama zao la bara la India kuisukuma Asia. Lakini nyuma ya matuta hayo pana tambarare yenye upana wa mamia ya kilomita, na tambarare hiyo nayo iko juu. Swali lililowashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja na nusu ni hili: mkandamizo unaotarajiwa kuzaa mikunjo unawezaje kuzaa tambarare?

Historia ya majibu ya swali hili haikwenda moja kwa moja. Baadhi ya majibu yalitangulia ushahidi wake kwa miongo kadhaa, na mengine yalisahihishwa na vipimo ambavyo waasisi wake hawakuwa navyo. Makala haya yanazipanga hatua hizo kwa mfuatano wa wakati, na katika kila hatua yanabainisha kipimo kilichotumika na kile ambacho kipimo hicho hakikuweza kukieleza.

2.0 Uzi wa Timazi na Mizizi ya Milima, 1855–1889

Mwaka 1802 William Lambton alianza kazi iliyokuja kujulikana kama Upimaji Mkuu wa Pembetatu wa India. George Everest aliiongoza kazi hiyo kuanzia mwaka 1823 hadi 1843. Madhumuni yake yalikuwa ya kitawala: Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India ilihitaji ramani sahihi za nchi iliyokuwa ikiitawala. Hata hivyo, usahihi huohuo ulizaa tatizo ambalo halikutarajiwa.

Umbali kati ya vituo viwili vya kaskazini mwa India, Kaliana na Kalianpur, ulipimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya pembetatu zilizopimwa juu ya ardhi. Ya pili ilikuwa ya kuzitazama nyota na kulinganisha nafasi zake na mstari wa wima, yaani uelekeo wa uzi wa timazi. Majibu yalitofautiana kwa sekunde 5.236 za nyuzi, sawa na takriban mita 160 juu ya ardhi. Kwa kazi iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa kama ile, tofauti hiyo haikuweza kupuuzwa.

John Henry Pratt, Shemasi Mkuu wa Kanisa la Kianglikana huko Calcutta na mtaalamu wa hisabati, alihisi kuwa Himalaya na nyanda zilizo nyuma yake zilikuwa zikiuvuta uzi wa timazi upande wa kaskazini. Katika makala yake ya mwaka 1855 alikokotoa mvuto huo kwa kukadiria wingi wa miamba inayoonekana juu ya usawa wa bahari. Jibu lilimshangaza. Tofauti kati ya vituo hivyo viwili ilipaswa kuwa sekunde 15.885, yaani mara tatu ya ile iliyopimwa. Kwa maneno mengine, milima ilivuta kidogo kuliko ilivyostahili, kana kwamba chini yake palikuwa na upungufu.

Katika mwaka huohuo George Biddell Airy, mwanafalaki mkuu wa Uingereza, alitoa maelezo. Alidai kuwa gamba la dunia halina nguvu ya kubeba mzigo wa uwanda wa juu kama meza inavyobeba vyombo, lingepasuka. Badala yake, gamba huelea juu ya tabaka zito lililo chini yake, kama magogo yanavyoelea majini: gogo lililochomoza zaidi juu ya maji ndilo lililozama zaidi. Hivyo, chini ya kila mlima pana mzizi wa miamba myepesi, na mzizi huo ndio uliopunguza mvuto. Mwaka 1859 Pratt alipendekeza maelezo mengine, kwamba miamba ya milimani imetanuka na kuwa myepesi bila kuwa na mzizi mrefu. Katika miaka ya 1880 Mmarekani Clarence Dutton aliipa hali hiyo ya mizani jina la isostasia.

Wazo la Airy linaweza kupimwa kwa hesabu fupi. Miamba ya gamba ina uzito wa karibu gramu 2.8 kwa kila sentimita ya ujazo, na miamba iliyo chini yake karibu gramu 3.3. Ili ielee, nchi yenye kimo cha kilomita 5 inahitaji mzizi wa takriban kilomita 28. Ukijumlisha kimo, mzizi na unene wa kawaida wa gamba la bara, ambao ni kilomita 35 hivi, inapatikana jumla ya karibu kilomita 70. Katika karne ya 20, mawimbi ya matetemeko ya ardhi yalipotumika kupima unene wa gamba chini ya Tibet, yalitoa majibu ya kati ya kilomita 60 na 80.

Hata hivyo, Airy alieleza kwa nini Tibet haizami. Hakueleza imepataje mzizi wake. Isostasia ni kanuni ya mizani, na mizani haisemi mzigo uliopo juu yake umeletwa na nani.

3.0 Ulinganisho wa Afrika Mashariki

Upungufu huo wa kipimo cha uvutano unaonekana wazi zaidi kilipotumika katika nyanda nyingine za juu. Mwaka 1899 na 1900 Ernst Kohlschütter, akiwa katika msafara wa Kijerumani, alipima uvutano kwa pendulamu katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambalo sehemu yake kubwa ni Tanzania Bara ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mwingereza Edward Bullard alirudia kazi ya namna hiyo kwa upana zaidi katika Afrika Mashariki, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1936.

Vipimo vya Bullard vilionyesha upungufu wa uvutano katika mabonde ya ufa. Aliufasiri kuwa ni dalili ya mkandamizo: kingo za bonde zimelalia sakafu yake na kuikandamiza chini isiinuke. Tafsiri hiyo haikudumu. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa gamba la Bonde la Ufa linatanuliwa, si kukandamizwa, na kwamba nyanda za Afrika Mashariki zimeinuliwa kwa kiasi kikubwa na joto la koti la dunia, yaani tabaka nene la miamba lililo chini ya gamba. Unene wa gamba la nyanda hizo haukaribii ule wa Tibet.

Nyanda mbili za juu, basi, zaweza kuwa na upungufu wa uvutano kwa sababu zinazopingana. Kipimo cha uvutano hueleza jinsi uzito ulivyopangika, si mwendo ulioupanga. Ili kuujua mwendo, ilibidi miamba yenyewe isomwe.

4.0 Argand na Gansser: Mabara Yanayogongana, 1922–1973

Mwaka 1922, katika Kongamano la Kimataifa la Jiolojia lililofanyika Brussels, Mswisi Émile Argand aliwasilisha kazi kuhusu muundo wa bara la Asia, iliyochapishwa mwaka 1924. Argand alikuwa mtaalamu wa Alps, na kwa habari za Asia alitegemea ramani na ripoti za wengine. Aliliunga mkono wazo la Alfred Wegener kuwa mabara husogea, wakati ambapo wanajiolojia wengi walilikataa. Kwa maoni yake, India ilisogea kaskazini, ikaigonga Asia na kupenya chini yake. Gamba likawa maradufu, nayo Tibet ikainuka.

Argand alisisitiza pia kuwa si miamba ya juu tu inayokunjika. Miamba ya kale ya chini kabisa ya bara nayo hujikunja ikikandamizwa vya kutosha. Huku kulikuwa kuacha imani ya muda mrefu kwamba msingi wa bara ni mgumu usiopindika. Pengo la maelezo yake lilikuwa kwamba hakuna aliyejua nguvu ya kuyasogeza mabara ilitoka wapi, na kwa sababu hiyo hoja yake iliwekwa kando kwa takriban miongo minne.

Ushahidi wa mgongano ulianza kupatikana kabla ya nadharia kukubalika. Mwaka 1936 Mswisi mwingine, Augusto Gansser, aliingia Tibet kwa siri akiwa amejifanya mhujaji. Karibu na mlima Kailash, ulio mtakatifu kwa Wabudha na Wahindu, alikuta miamba ambayo kwa kawaida huundwa kwenye sakafu ya bahari kuu. Maana yake ilidhihirika kikamilifu baada ya nadharia ya mabamba kukubalika katika miaka ya 1960: miamba ile ni mabaki ya bahari iliyokuwapo kati ya India na Asia, nayo inaonyesha mshono wa mabara hayo mawili.

Nadharia ya mabamba ilitoa pia vipimo vya mwendo. Kumbukumbu za usumaku katika sakafu ya Bahari ya Hindi zilionyesha kuwa India ilikuwa ikienda kaskazini kwa kasi kubwa, kisha ikapunguza mwendo kwa ghafla yapata miaka milioni 50 iliyopita, muda unaokubaliana na mgongano. Hata hivyo, haikusimama. Mwaka 1973 John Dewey na Kevin Burke walieleza Tibet kuwa ni zao la gamba kuwa nene kutokana na kubanwa baada ya mabara kugongana. Wazo la Argand lilikuwa limerejea, safari hii likiwa na nguvu ya kulisukuma.

5.0 Vipande Vigumu au Mwili Unaotambaa, 1975–2004

Kukubaliana kuhusu mgongano hakukumaliza mjadala. Kwa kweli, mjadala mkali zaidi ulianza hapo. Nadharia ya mabamba ilijengwa juu ya dhana kwamba bamba ni gumu na hugeuka umbo kingoni tu. Lakini katika Asia matetemeko hayakutokea kwenye mpaka mmoja. Yalisambaa hadi zaidi ya kilomita 2,000 kaskazini mwa Himalaya.

Mwaka 1975 Mmarekani Peter Molnar na Mfaransa Paul Tapponnier walitumia picha za setilaiti na rekodi za matetemeko kuchora mipasuko mikubwa ya Asia, ukiwemo ule wa Altyn Tagh wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,500. Walihitimisha kuwa sehemu kubwa ya mwendo wa India hupokewa na vipande vya Asia vinavyoteleza kuelekea mashariki. Mwaka 1982 Tapponnier na wenzake waliliimarisha wazo hilo kwa jaribio jepesi: walisukuma kipande kigumu ndani ya udongo laini wa kufinyangia, nao ukapasuka na kusogea upande uliokuwa wazi.

Katika mwaka huohuo wa 1982 Philip England na Dan McKenzie walipendekeza njia tofauti. Walilitazama bara lote kama utando wa kitu kizito kinachotambaa polepole, mfano wa asali iliyoganda. Kwa mtazamo huo, mipasuko ni mikwaruzo tu juu ya mwili ambao kwa ndani unabadilika umbo kwa mfululizo.

Mtazamo huu wa pili ndio uliotoa jibu la fumbo la tambarare. Gamba linapokuwa nene na kuinuka, uzito wake huongezeka, na sehemu yake ya chini hupata joto na kulainika. Hufika kiwango ambacho kuuinua mlima zaidi kunahitaji nguvu kubwa kuliko kulisukuma eneo jipya la jirani. Kimo hufikia ukomo, na uwanda hupanuka badala ya kurefuka. Yanayotokea yanafanana na ya mtu anayerundika mchanga mbichi: rundo likishafikia kimo fulani, kila koleo analoongeza hupanua kitako.

Uwanda wenyewe ulikuwa na ushahidi wa ukomo huo. Mwaka 1978 Molnar na Tapponnier walieleza mabonde ya ufa ya kusini mwa Tibet, yanayoelekea kaskazini na kusini. Mabonde hayo hutokea pale gamba linapotanuka. Hivyo, katikati ya eneo linalobanwa kuliko yote duniani, nchi inatanuka kuelekea mashariki na magharibi kwa uzito wake wenyewe. Mwaka 1996 watafiti wa mradi wa INDEPTH, uliowahusisha Wachina na wanasayansi wa nje, walitangaza kuwa sehemu ya kati ya gamba la kusini mwa Tibet imeyeyuka kwa kiasi. Mwaka uliofuata Leigh Royden na wenzake walidai kuwa gamba la chini, likiwa limelainika kiasi hicho, hutiririka kutoka katikati ya uwanda kwenda mashariki na kuzinyanyua kingo zake kutoka chini, bila miamba ya juu kubanwa sana.

Vipimo vya mwendo kwa setilaiti vilikuja kuwa mwamuzi, ingawa hukumu yake haikumpa upande mmoja ushindi wote. Vilionyesha kuwa India inaisogelea Asia kwa milimita 35 hadi 40 kwa mwaka, na kwamba takriban nusu ya mwendo huo humalizwa na Himalaya. Katika mpasuko wa Altyn Tagh, ambako wafuasi wa vipande vigumu walitarajia milimita 20 hadi 30 kwa mwaka, vipimo vilitoa karibu milimita 9. Mwaka 2004 Zhang Peizhen na wenzake walichapisha vipimo vya uwanda wote vilivyoonyesha kuwa ndani yake mwendo hubadilika polepole kutoka mahali hadi mahali, kama ilivyo kwa mwili unaotambaa. Hata hivyo, mipasuko mikubwa ipo, na matetemeko hutokea juu yake. Miamba ya juu huvunjika. Ya chini hutambaa.

6.0 Umri wa Kimo: Ushahidi wa Mitende

Kama uwanda uliinuka kwa gamba kuwa nene, uliinuka lini? Mwaka 2006 David Rowley na Brian Currie walichunguza oksijeni iliyohifadhiwa katika miamba ya bonde la Lunpola, katikati ya Tibet, wakihitimisha kuwa eneo hilo lilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 4,000 tangu takriban miaka milioni 35 iliyopita. Mwaka 2019 Su Tao na wenzake walichapisha habari za majani ya mitende yaliyogeuka visukuku katika bonde hilohilo, yenye umri wa takriban miaka milioni 25. Mtende haustahimili baridi kali. Walikadiria kuwa bonde halikuzidi kimo cha mita 2,300 wakati huo, na kwamba lilizungukwa na safu za milima mirefu.

Tofauti hii ina maana pana kuliko tarehe. Inadokeza kuwa Tibet haikupanda yote kwa pamoja kama sakafu inayonyanyuliwa. Yawezekana ilianza kama safu za milima zenye mabonde kati yake. Baadaye mabonde yakajazwa mashapo yasiyo na mto wa kuyatoa nje, na gamba la chini likasawazisha tofauti zilizobaki. Tambarare, kwa mtazamo huu, ni hatua ya mwisho ya safari ya milima.

7.0 Sichuan, 2008: Mjadala Nje ya Maktaba

Ukingo wa mashariki wa uwanda, katika milima ya Longmen mkoani Sichuan, ndio ulioutoa mjadala huu katika duru za wataalamu. Hapo nchi hupanda kutoka mita 600 hivi hadi zaidi ya mita 4,000 katika umbali wa takriban kilomita 50. Lakini vipimo vya setilaiti vilionyesha kuwa ukingo huo unabanwa kwa chini ya milimita 3 kwa mwaka. Mteremko mkali na mwendo mdogo kiasi hicho vilikuwa miongoni mwa hoja zilizotumika kutetea mtiririko wa gamba la chini.

Nadharia ya mtiririko haikusema kuwa eneo hilo ni salama. Mwaka 2007 Alexander Densmore na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mipasuko ya Beichuan na Pengguan ilikuwa hai na ingeweza kuleta mtikisiko mkubwa. Hata hivyo, viwango vya ujenzi katika sehemu kubwa ya eneo hilo vilikadiria mtikisiko wa daraja la 7 tu.

Tarehe 12 Mei 2008, saa 8:28 mchana, mpasuko huo ulivunjika kwa urefu wa zaidi ya kilomita 200. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 7.9. Katika maeneo yaliyoathirika zaidi mtikisiko ulifikia daraja la 11. Watu wapatao 69,000 walikufa na wengine karibu 18,000 hawakuonekana tena. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wengi walioangukiwa na majengo ya shule. Mwaka 2009 Judith Hubbard na John Shaw walitumia muundo wa mipasuko hiyo kutetea hoja kwamba kubanwa kwa miamba ya juu kunatosha kueleza kimo cha milima ya Longmen. Mjadala wa nadharia haukufungwa, lakini somo moja lilikuwa wazi. Milimita 3 kwa mwaka, zikilimbikizwa kwa miaka 2,000, ni mita 6. Mwendo mdogo huchelewesha tetemeko, hauliondoi.

8.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa kila hatua ya kuielewa Tibet ilihitaji dhana fulani ya ugumu wa dunia iachwe. Airy aliacha wazo la gamba linalobeba milima kwa nguvu zake. Argand aliacha wazo la msingi wa bara usiopindika. England na McKenzie waliacha wazo la bamba lisilogeuka umbo ndani yake. Uwanda wa juu ulieleweka ulipoonekana kuwa ni mahali ambapo gamba, likiwa limeshakuwa nene kuliko linavyoweza kujimudu, huanza kulegea na kutandaa.

Vilevile, historia hii inaonyesha kuwa hakuna kipimo kimoja kilichotosha. Uvutano ulieleza uzito, mishono ya mabara ilieleza mgongano, setilaiti zilieleza mwendo wa leo, na majani ya mitende yalieleza kimo cha zamani. Wakazi wa bonde la Sichuan waliishi chini ya ukingo ambao mwendo wake wa miaka michache ulionekana kuwa mdogo, ilhali kumbukumbu iliyomo katika miamba ilikuwa ya maelfu ya miaka. Kwa nchi yoyote iliyo karibu na nyanda zinazoendelea kuinuka au kupasuka, ramani za hatari zinapaswa kuchorwa kwa kuzisoma kumbukumbu zote mbili kwa pamoja.